Onyo la sauti kubwa kwenye simu: limetoka wapi, na kwa nini wengi wa pwani ya Cabo Delgado hawalioni

Msikilizaji anapoongeza sauti ya muziki huku amevaa visikizio vya masikioni, ambavyo wengi huviita iafoni, baadhi ya simu humkatiza. Ujumbe hujitokeza ukimuuliza iwapo kweli anataka kuvuka kiwango kinachopendekezwa, na kumweleza kwamba kusikiliza kwa sauti ya juu kwa muda mrefu kwaweza kudhuru usikivu wake. Akikubali, sauti hupanda. Mwingine mwenye simu inayofanana nayo kwa umbo na kwa bei aweza kuitumia miaka mitatu asiuone ujumbe huo hata mara moja. Simu yake si mbovu. Kinga hiyo iliandikwa kwa ajili ya sheria za nchi fulani, na katika simu nyingi hatua yake ya kwanza ni kuangalia laini iliyomo ni ya nchi gani.

Katika wilaya ya Mocímboa da Praia, kaskazini mwa mkoa wa Cabo Delgado nchini Msumbiji, jambo hilo lina uzito wake. Huu ni mji wa bandari na wavuvi, ambako Kimwani, Kimakonde, Kimakua, Kiswahili na Kireno husikika katika soko moja. Shule hufundisha hasa kwa Kireno, na maandishi ya Kiswahili ni haba. Hivyo Kiswahili huko huishi zaidi masikioni: kwenye matangazo yanayovuka Mto Ruvuma kutoka Tanzania, kwenye mawaidha, taarabu na bongo fleva zinazohamishwa kutoka simu moja hadi nyingine kwa Bluetooth au kwa kadi ya kumbukumbu. Mashambulizi yaliyoanza mjini humo tarehe 5 Oktoba 2017, na kisha mji kukaliwa na wapiganaji kuanzia Agosti 2020 hadi Agosti 2021, yaliwatawanya wakazi na kukata umeme na mawasiliano. Kwa waliorejea, na kwa walio bado ugenini, simu yenye faili za sauti ndiyo redio, ndiyo kumbukumbu ya sauti za jamaa, na mara nyingi ndiyo njia ya kwanza ya kupata tahadhari ya kimbunga.

Sikio hupotezaje

Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kilichojikunja kama konokono, chenye seli za vinyweleo zipatazo 15,000. Sauti huvitikisa vinyweleo hivyo, na mtikisiko ukageuzwa kuwa ishara inayopelekwa kwenye ubongo. Sauti kubwa mno, au kubwa kiasi lakini ya muda mrefu, huzichosha seli hizo. Zikipumzishwa mapema hupata nafuu, na ndiyo maana uziwi na mvumo wa masikio baada ya sherehe huondoka kufikia asubuhi. Zisipopumzishwa hufa, na kwa binadamu seli hizo hazioti tena.

Zinazotangulia kuharibika ni zile zinazopokea sauti nyembamba, hasa zinazokaribia mizunguko 4,000 kwa sekunde. Muziki mzito wa ngoma hubaki, na sauti ya mtu anayezungumza nayo hubaki. Kinachofifia ni konsonanti zinazotamkwa kwa pumzi, kama s, f, sh na th. Maneno fika, shika na pika hutofautiana kwa mwanzo wake tu, na mwanzo huo ndio unaopotea. Kwa kuwa maneno mengi ya Kiswahili hujaa irabu na huishia kwa irabu, ambazo hubeba nguvu nyingi ya sauti katika masafa ya chini, mwenye kasoro hiyo aweza kuamini kwa miaka kadhaa kwamba yeye anasikia barabara, ila watangazaji wa siku hizi wanamung'unya maneno. Kisha huongeza sauti ya redio, na madhara yakaongezeka.

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria mwaka 2015 kwamba vijana bilioni 1.1 wenye umri wa miaka 12 hadi 35 wamo hatarini kupoteza usikivu kwa sababu ya sauti za burudani. Ripoti yake ya mwaka 2021 kuhusu usikivu ilieleza kwamba zaidi ya watu bilioni 1.5 duniani wana upungufu wa kusikia wa kiwango fulani, na kwamba milioni 430 kati yao wanahitaji huduma ya kuwarekebisha.

Posho ya sauti ya wiki

Njia rahisi ya kuelewa kinga hizi ni kuifikiria sauti kama posho. WHO humpa mtu mzima posho ya saa 40 kwa wiki kwa sauti ya desibeli 80. Sauti ikipanda kwa desibeli tatu tu, nishati inayoingia sikioni huwa maradufu, na muda wa posho hukatwa nusu. Ndiyo sababu hesabu hushuka kwa kasi ambayo wengi hawaitarajii: kwa desibeli 85 ni saa 12 na nusu kwa wiki nzima, kwa desibeli 90 ni saa 4, kwa desibeli 95 ni saa 1 na robo, na kwa desibeli 100 ni dakika 20 hivi. Kwa watoto, na kwa watu wenye masikio dhaifu, posho huanzia desibeli 75 kwa saa hizo hizo 40.

Desibeli 100 ni kiwango ambacho simu nyingi zilizounganishwa na visikizio vya kuingiza sikioni hukifikia bila shida. Kijana anayesikiliza hivyo akiwa njiani kwenda kisimani na kurudi huweza kuimaliza posho ya wiki kabla ya adhuhuri ya Jumatatu.

Sheria iliyotoka Ufaransa

Chimbuko la onyo hilo ni Ufaransa. Mwaka 1996, wakati vijana wa huko walikuwa bado wakitembea na vichezeo vya kaseti na diski, sheria ya afya ya umma iliweka ukomo wa desibeli 100 kwa vifaa vya kusikilizia muziki vya kubebeka. Mwaka 2002 kampuni ya Apple ililazimika kubadilisha programu ya kichezeo chake cha iPod ili kiruhusiwe kuuzwa humo. Hapo ndipo jambo la ajabu kidogo lilipotokea: kifaa kilekile, chenye vipuri vilevile, kikawa na sauti ndogo Paris na sauti kubwa New York. Mwaka 2006, baada ya Apple kushtakiwa nchini Marekani, kampuni hiyo iliongeza mpangilio ambao mtumiaji, au mzazi wake, angeweza kujiwekea ukomo na kuufunga kwa namba ya siri. Kesi yenyewe haikufaulu, na mahakama ya rufaa iliithibitisha hukumu ya kuitupilia mbali mwaka 2009.

Umoja wa Ulaya ulifuata nyayo za Ufaransa. Kamati yake ya kisayansi ilionya mwaka 2008 kwamba kati ya asilimia 5 na 10 ya wanaosikiliza kwa sauti ya juu kwa zaidi ya saa moja kila siku, kwa miaka mitano, wako katika hatari ya kupoteza usikivu moja kwa moja. Mwaka 2009 Halmashauri ya Ulaya ikaagiza viwango vipya, navyo vikachapishwa mwaka 2011. Kifaa kianze kwenye desibeli 85, kisivuke 100, na anayetaka kupita 85 aonywe kwanza na akubali mwenyewe. Baada ya kila saa 20 za kusikiliza, onyo lirudiwe.

Kutoka Mocímboa da Praia, ardhi ya karibu zaidi ambako sheria hizo za Ulaya zinatumika ni Mayotte, kisiwa cha Visiwa vya Komoro kilicho chini ya Ufaransa na kilichoingia rasmi katika maeneo ya Umoja wa Ulaya tarehe 1 Januari 2014. Ni umbali wa kilomita zipatazo 550 kwa njia ya bahari, bahari ileile ambayo majahazi ya pwani hii yameivuka kwa karne nyingi. Simu inayouzwa dukani Mamoudzou hubanwa na sheria hiyo, lakini inayouzwa Mocímboa haibanwi.

Tarakimu tatu za laini

Mfumo wa Android, unaoendesha simu nyingi zaidi katika Afrika Mashariki na kusini mwake, ulipokea matakwa hayo ya Ulaya kwa namna ambayo yeyote aweza kuisoma, kwa kuwa msimbo wake ni wa wazi. Kila laini ya simu hubeba namba ya nchi yake yenye tarakimu tatu. Msumbiji ni 643, Tanzania ni 640, Kenya ni 639, Ureno ni 268 na Ufaransa ni 208. Katika msimbo huo, kuwashwa kwa onyo la sauti kumefungwa kwenye namba hizo, na maelezo ya wahandisi yanasema waziwazi kwamba jambo hilo hutofautiana nchi kwa nchi. Namba za Ulaya huliwasha. Laini ya Vodacom, Movitel au Tmcel ya Msumbiji haimo katika nchi ambazo sheria ya Ulaya inazihusu, kwa hiyo kinachotokea hutegemea uamuzi wa kiwanda kilichoiunda simu. Viwanda hutofautiana: kimoja huliacha onyo likiwa limewashwa popote, kingine hulizima.

Pale linapowashwa, utaratibu wake ni wa kawaida sana. Simu hutazama kama visikizio vimeunganishwa, maana kwa spika ya nje hailalamiki. Mtumiaji akikubali kuvuka mpaka, simu huanza kuhesabu. Kila dakika huangalia kama muziki unaendelea na kama sauti iko juu ya mpaka, ikajumlisha, na jumla ikifika saa 20 huirudisha sauti chini na kuuliza upya. Haijui wimbo wenyewe una nguvu kiasi gani, na haijui visikizio ni vya aina gani. Inajua tu kitufe cha sauti kimefika ngazi ya ngapi.

Hapo ndipo visikizio vya bei nafuu vya sokoni vinapoharibu hesabu. Simu haipimi sauti iliyomo sikioni. Hukisia kutokana na nguvu ya umeme inayoitoa. Kiwango cha Ulaya kwa kifaa kinachouzwa bila visikizio kinatamka ukomo wa milivolti 150, na kwa kisikizio cha kawaida hiyo ni takriban desibeli 100. Kisikizio chepesi zaidi kuitika hutoa sauti kubwa kuliko makisio, na kigumu hutoa ndogo. Onyo kwa hiyo ni dalili, si kipimo.

Kuna na suala la lugha. Simu iliyowekwa Kireno huonya kwa Kireno, na iliyowekwa Kiingereza huonya kwa Kiingereza. Msikilizaji asiyesoma lugha hizo huona kisanduku kinachomzuilia muziki wake, hubonyeza kilicho karibu na kidole, na mambo huendelea. Ruhusa imeshatolewa, naye hajui ameruhusu nini.

Programu inayopita mlango wa nyuma

Si kila sauti hupita kwa mlinzi huyo. VLC, programu ya kuchezea muziki na filamu iliyoanzishwa na wanafunzi wa chuo cha uhandisi karibu na Paris mwaka huohuo wa 1996, humruhusu mtumiaji kuvuka asilimia 100. Wengi wameipenda kwa sababu hiyo hasa, kwani filamu nyingi zilizonakiliwa zina sauti hafifu, na kompyuta ndogo zina spika dhaifu. Inapopita asilimia 100, programu huzikuza namba za sauti zenyewe kabla hazijafika kwenye mfumo wa simu au kompyuta. Ngazi ya kitufe haibadiliki, na mlinzi anayetazama kitufe hana cha kuona. Mkwaruzo unaosikika wakati huo ni vilele vya mawimbi ya sauti vinavyokatwa kwa kukosa nafasi.

Baadhi ya programu zina kinga ya namna nyingine, ambayo huchanganywa na ukomo wa sauti ingawa ni kitu tofauti. Nayo ni kusawazisha sauti, yaani nyimbo zilizorekodiwa kwa nguvu tofauti zisikike kwa kiwango kinachokaribiana. Pendekezo la ReplayGain la mwaka 2001 lilifungua njia kwa faili za muziki, na mwaka 2010 mashirika ya utangazaji ya Ulaya yalikubaliana kiwango chao cha pamoja kwa redio na televisheni. Faida yake kwa sikio ni ya moja kwa moja: aliyepandisha sauti ili aisikie qaswida ya zamani iliyorekodiwa kwa kaseti hapigwi ghafla na wimbo mpya unaofuata. Hata hivyo kusawazisha hakuzuii mtu kupandisha zote pamoja.

Mabadiliko makubwa zaidi yalikuja hivi karibuni. WHO na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu, ITU, zilitangaza Februari 2019 kiwango cha kimataifa kinachotaka kifaa kijumlishe posho ya wiki badala ya kutazama ngazi ya kitufe pekee. Mwaka huo Apple ilianza kuonyesha kwenye iPhone kumbukumbu ya sauti iliyoingia masikioni, na mwaka 2020 ikaongeza arifa ya posho kuisha. Android 14, iliyotolewa mwaka 2023, imewekewa uwezo wa kupima sauti halisi inayotoka, ikiwemo ile iliyokuzwa na programu kama VLC, na kuijumlisha kwa hesabu ileile ya desibeli 80 kwa saa 40. Lakini kiwango cha WHO na ITU ni cha hiari hadi nchi itakapokifanya sheria, na simu kuukuu zinazoingia sokoni kwa mkono wa pili hazipandi hadi toleo hilo.

Kelele ambazo simu haizihesabu

Hata simu iliyo bora huhesabu kile inachokitoa yenyewe. Mvuvi anayekaa karibu na injini ya mashua hupandisha muziki ili uishinde injini. Simu huandika muziki tu, ilhali sikio hupokea vyote viwili. Ndivyo ilivyo kwa anayefanya kazi kando ya mashine ya kusaga au jenereta. Redio ndogo zenye tundu la kadi na paneli ya jua, ambazo katika vijiji vingi ndizo zinazosikilizwa kuliko simu, hazina programu ya kuonya wala sheria ya Ulaya haizitazami, kwani viwango hivyo viliandikwa kwa vifaa vya visikizio. Na mlio wa bunduki huvuka desibeli 140, kiasi kinachoweza kuumiza seli za sikio kwa pigo moja. Katika wilaya iliyopitia vita, wapo watu ambao masikio yao yalikwishatumia sehemu ya uhai wake kabla hawajawasha wimbo wowote.

Anayetaka kujiwekea ukomo asisubiri onyo. Kwenye simu nyingi za Samsung, ukurasa wa mipangilio ya sauti una ukomo wa sauti ya muziki, na waweza kufungwa kwa namba ya siri ili mtoto asiubadilishe. Kwenye iPhone, sehemu ya usalama wa visikizio ndani ya mipangilio ya sauti humruhusu mtumiaji kuchagua desibeli ambazo hazitavukwa, kuanzia 75 hadi 100. Kwenye VLC, ukuzaji wa sauti wa kupita asilimia 100 waweza kuzimwa. Android huweza kuwekwa Kiswahili, na onyo likija litasomeka. Simu ikiuliza kifaa kilichounganishwa kwa Bluetooth ni cha aina gani, ijibiwe kwa kweli, kwa kuwa ikidhani visikizio ni spika haitahesabu chochote.

Kwa simu zisizo na lolote kati ya hayo, WHO hupendekeza sauti isizidi asilimia 60 ya uwezo wa kifaa. Visikizio vinavyoziba sikio vizuri husaidia, maana kelele ya nje ikipungua hakuna haja ya kushindana nayo, ingawa si vya kuvaliwa na mtu anayetembea kando ya barabara yenye pikipiki. Penye kelele ya injini, ni heri muziki uzimwe kuliko kupandishwa.

Mvumo masikioni unaoendelea baada ya usiku mmoja wa kupumzika, au kuanza kuwaomba watu warudie maneno, ni sababu tosha ya kwenda kituo cha afya. Usikivu ukipotea ghafla katika sikio moja, mgonjwa afikishwe kwa daktari katika siku za mwanzo, kwani matibabu hufaa zaidi yanapoanza mapema.